Lenzi ya Akiba: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuzamia na Kamera Mombasa

Lenzi haibadilishwi chini ya maji. Liweke hilo akilini kabla hujafunga begi, maana wengi wanaokuja kupiga picha kwenye matumbawe ya Nyali na Bamburi hubeba lenzi ya pili kama wanaokwenda kupiga picha za harusi, ambako ukiona umekosea unajitenga pembeni, unabadilisha, unaendelea. Baharini kamera imefungiwa ndani ya kasha lisiloingiza maji. Uliyoivalisha asubuhi ndiyo utakayopanda nayo.

Kwa hiyo anza na maji yenyewe. Kaskazi ikitulia, kati ya Novemba na Machi, bahari huwa safi na lenzi pana hupata kazi: kasa, kundi la samaki, au meli ya MV Dania, iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 na sasa imelala karibu mita 30 chini. Kusi ikivuma, au siku za bamvua maji yanapotoka kwa nguvu kwenye vijito vya Tudor na Mtwapa, mimi huvalisha ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, nikatafuta vidogo, kwani maji yakizidi kati yako na kitu picha hufifia. Muulize nahodha jioni iliyotangulia. "Shikamoo mzee, maji ya kesho vipi?" "Marahaba mwanangu. Kesho bamvua, ngoja yajae ndiyo yatakate." Jibu hilo moja litakuamulia lenzi.

Jambo ambalo watu hulisahau ni poti, kile kioo cha mbele ya kasha. Lenzi ya akiba bila poti yake ni mzigo tu. Lenzi pana huhitaji poti ya kuba, iliyobinuka kama kuba la msikiti, ili upana wake usipotee. Ukiiweka nyuma ya kioo bapa, maji yanapinda mwanga, vitu vinaonekana vikubwa kwa kama theluthi moja, na kingo za picha zinatawanya rangi. Kioo bapa kiachie makro. Tena nyuma ya kuba lenzi lazima iwe na uwezo wa kulenga karibu sana, kwani taswira inayoiona haiko mbali kule aliko samaki, iko mbele tu ya kuba. Ijaribu nyumbani kwanza. Mimi huweka kila lenzi na poti yake, pete yake ya kuzungushia zumu na oringi yake, ile pete ya mpira inayozuia maji, ndani ya mfuko mmoja, ili nisije nikabeba nusu.

Kisha jiulize utabadilishia wapi. Nasema hili kwa uchungu: usifungue kasha botini. Niliwahi kufungua kati ya mbizi mbili, boti ikiyumba, taulo mkononi, nikabadilisha nikafunga. Mbizi ya pili, kwenye mita kumi na kitu, nikaona tone linatembea ndani ya poti. Nilipopanda na kuikagua oringi kwa tochi, palikuwa na uzi mmoja wa taulo, mweupe, mfupi kuliko ukucha. Kamera haikupona. Kama una mbizi mbili kwa siku, afadhali lenzi moja kwa siku hiyo na ya pili kesho, baada ya kubadilisha mezani, nywele zimekauka, oringi imefutwa na kupakwa grisi yake ya silikoni, nyembamba tu.

Meza hiyo iwe kwenye chumba chenye eyasii, yaani kiyoyozi. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu. Ukiufungia ndani ya kasha kisha ukashuka kwenye maji yaliyo baridi kuliko hewa hiyo, kioo kitaingia ukungu. Tia kipakiti cha kukausha unyevu. Na lenzi ya akiba usiitoe ghafla kwenye ubaridi: iache ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto la nje. Ukirudi usiifungie kabatini ikiwa na unyevu, itaota kuvu.

Ukitaka kweli kubadilisha ukiwa chini, iko njia: lenzi za majini, zinazofungwa kwa nje mbele ya poti bapa kwa skrubu au kishikizo. Moja ya kukuza vidogo inaingia mfukoni mwa jaketi ya kuzamia. Ifunge kwa kamba, ni nzito na ikiponyoka huioni tena. Kila unapoivalisha, ilegeze kidogo ukiwa majini ili hewa iliyonaswa kati ya vioo viwili itoke, la sivyo kiputo kimoja kitakaa katikati ya kila picha. Zoea kwanza ndani ya beseni la maji, macho umefumba, mpaka vidole vijue skrubu inaanzia wapi. Ukiwa juu ya matumbawe mkono wako mmoja utakuwa na kamera, na wa pili hauna ruhusa ya kushika kitu chochote pale chini.