Kabla hujaiamuru projekta kwa kebo

Wenye kumbi wa hapa Bukavu huniita wakishakwama. Someni basi kabla ya kupandisha projekta darini na kutaka kuiwasha kwa amri za maandishi kutoka kwenye kompyuta, kwa kebo ya RS-232, ile ya kupeleka herufi moja baada ya nyingine.

Fungua kwanza kitabu cha mashine, maana kila kiwanda kina amri zake. Epson huelewa PWR ON, na ukiiuliza PWR? hujibu PWR=01 ikiwa imewaka. Kasi ya kutuma ilingane pande zote mbili. Nyingi ni 9600, yaani biti kwa sekunde. Ujue pia kama kebo inatakiwa kuvuka, pini ya 2 kwenda ya 3, au kwenda moja kwa moja. Kompyuta nyingi za sasa hazina tundu la kebo hiyo, nunua adapta ya USB, usiihamishehamishe: namba ya poti hubadilika na programu yako inabaki inaongea na hewa.

Kila amri ifungwe kwa herufi ya namba 13, ile ya kurudi mwanzo wa mstari. Bila hiyo projekta inakungoja umalize kuandika. Nimeona fundi akishusha projekta nzima na kuifungua, kumbe ni 13 tu.

Sasa radi. Orodha ya satelaiti iliyotoka 2016 iliiweka Kabare, hapa jirani, ya kwanza Afrika kwa radi, na ya pili duniani baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Miale 205 kwa kila kilomita ya mraba, kila mwaka! Nami nilikuwa nimevuta kebo ya mita 40 kutoka chumba cha sauti, jengo la pili, hadi kwenye dari ya ukumbi. Kawaida ya RS-232 ni kama mita 15, lakini kwa 9600 ilikubali, nikajisifu.

Miezi minane ikapita salama. Jioni moja ya Novemba, wageni wa harusi wameshaondoka, mawingu yakashuka. Nikafanya kama mama alivyotuzoeza: nikachomoa kila kitu ukutani, projekta, mikisa, kompyuta. Ngurumo moja ikatikisa mabati. Asubuhi projekta inawaka kwa telekomande bila shida, ila kwa kebo ni bubu. Adapta inanuka moto. Radi haikupita kwenye umeme. Ilipita kwenye ule uzi mwembamba niliouacha umeunganisha majengo mawili kama antena. Chipu ya mawasiliano ilikuwa imepasuka, ndogo kuliko punje ya mahindi. Mzee mwenye ukumbi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si ulisema umechomoa?"

Kwa hiyo kati ya jengo na jengo usipitishe shaba. Pitisha faiba, uzi wa kioo unaobeba mwanga badala ya umeme, au weka kompyuta ndogo karibu na projekta uiagize kwa Wi-Fi. Hata ndani ya jengo moja, kama projekta inakula kwenye jenereta na kompyuta kwenye onduleri (UPS), ardhi zao, yaani nyaya za ethi, huenda hazilingani. Weka kitenganishi katikati, kifaa kinachopitisha amri bila kuunganisha umeme wa pande mbili. Na mawingu yakija, chomoa kebo ya amri pamoja na ile ya umeme.

Umeme ukikatika na kurudi, programu iulize hali kabla ya kuamuru, kwa sababu projekta inayopoa mara nyingi haisikii. Amri zibandikwe ukutani kwenye karatasi. Telekomande itundikwe kwa msumari, betri zikiwa ndani, na ngazi isiazimwe mtu siku ya harusi, hata akiwa shemeji yako.