Usinunue valvu ya EGR kabla hujaipima: hatua ninazofuata gerejini Malindi

Skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ikionyesha nambari ya hitilafu P0401, mwenye gari huambiwa valvu ya EGR, ile inayorudisha moshi wa eksozi kwenye injini, imekufa, na kesho yake yuko njiani kwenda Mombasa, kilomita kama 120, kutafuta nyingine. Naomba usiende bado. Nambari ile haisemi valvu imekufa. Inasema kompyuta ya gari iliagiza moshi urudi kwenye injini, na uliofika ni mdogo. Kinachouzuia huenda kweli ni valvu. Huenda pia ni mpira uliopasuka, waya ulioliwa na chumvi, au tundu lililozibwa na masizi.

Kazi ya valvu hii ni kuchukua sehemu ya moshi wa eksozi na kuurudisha kwenye njia ya hewa. Moshi huo umeshaungua, hauna cha kuungua tena, kwa hiyo hupunguza joto ndani ya silinda, na joto likipungua gesi za oksidi za naitrojeni nazo hupungua. Kwenye gari la petroli valvu hufungwa injini ikiwa baridi, ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, au ukikanyaga hadi mwisho. Dizeli ni mambo mengine: nyingi huifungua hata gari likiwa limesimama. Fundi aliyezoea petroli akiikuta valvu ya Hiace ya dizeli iko wazi gari limesimama, ataihukumu bure.

Hatua ya 1: Muulize dereva

Muulize shida hutokea lini. Petroli yenye valvu iliyokwama wazi hutetemeka ikisimama, huzimika dereva akipunguza mwendo kwenye tuta, kisha hutulia ikikimbia. Dizeli yenye ugonjwa huohuo hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Valvu iliyokwama ikiwa imefungwa huifanya petroli igonge, mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, hasa gari likiwa na mzigo. Malindi ni tambarare, hatuna mlima wa kujaribia. Mimi hupakia watu, nikashika barabara ya Gede, nikaweka gea ya juu mwendo ukiwa mdogo, kisha nikakanyaga taratibu huku nikisikiliza.

Hatua ya 2: Soma nambari zote

P0401 ni moshi kidogo, P0402 ni moshi mwingi kupita kiasi. P0403 ni umeme wa valvu, P0404 ni valvu kutokaa pale ilipoagizwa, P0405 na P0406 ni sensa yake. Ukiona ya umeme au ya sensa, anza na waya, usiguse spana. Kukiwa pia na nambari ya sensa ya kupima hewa, tibu hiyo kwanza, kwa sababu kwenye magari mengi kompyuta huitumia hiyohiyo kujua moshi umerudi kiasi gani.

Hatua ya 3: Waya na mipira

Pwani hatua hii haina njia ya mkato. Chomoa plagi ya valvu, uichungulie kwa tochi. Mara nyingi utakuta pini moja imeota ukungu wa kijani, nyingine inang'aa kama mpya. Chumvi ya upepo wa bahari hupita hapo, hasa kwa magari yanayolala karibu na ufuo. Safisha kwa dawa ya umeme na mswaki laini, zikauke, urudishe, kisha usome upya. Kama valvu ni ya umeme na ina sensa ya waya tatu, washa swichi bila kuwasha injini, upime kwa mita: waya mmoja uwe na volti 5, mmoja uwe hasi, na wa tatu, plagi ikiwa imerudishwa, ubadilike valvu inaposogea. Kukosa volti 5 si kosa la valvu.

Kwa valvu ya kuvutwa kwa hewa, fuata mpira mwembamba kuanzia valvu hadi mwisho wake. Joto la huku huukausha, ukapasuka kwenye mkunjo, upande wa chini usioonekana. Pitisha kidole.

Hatua ya 4: Ichezeshe

Hapa ndipo jibu lilipo. Kwenye petroli, injini ikiwa moto na inawaka bila kukanyagwa, unganisha pampu ya mkono kwenye valvu na uvute hewa. Injini ikitetemeka au kuzimika, valvu imefunguka na njia ni safi. Tatizo liko kwenye kinachoiamuru: mpira, solenoidi (swichi ya umeme inayoachia au kuzuia mvuto wa hewa) au waya. Mshale wa geji ya pampu ukishuka wenyewe, kiwambo, yaani utando ulio ndani ya valvu, kimetoboka. Na mshale ukitulia, fimbo ya valvu ikasogea, lakini injini isishtuke, basi valvu ni nzima na matundu ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, yamezibwa na masizi. Hao ndio wengi wanaonunua valvu mpya na taa ya injini ikarudi.

Valvu ya umeme iamuru kwa skana. Linganisha ulichoagiza na ilipofika. Kwenye dizeli tazama pia kipimo cha hewa: valvu ikifunguka, hewa safi inayoingia lazima ipungue. Isipopungua, moshi haupiti.

Hatua ya 5: Fungua

Injini ipoe. Toa valvu, uangalie kama inakaa sawasawa kwenye kiti chake. Puliza dawa ya kabureta upande wa masizi tu, mota isilowe. Kwangua matundu ya manifoldi ukiwa umeziba njia ya kwenda kwenye silinda kwa kitambaa, na uhesabu vitambaa kabla ya kufunga. Weka gasketi mpya. Masizi yakiwa na unyevu na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje, kagua kipoza cha EGR, kinachopoza moshi kwa maji hayo.

Wapo wanaoziba njia kwa bati na kumwambia mteja amepona. Mimi nakataa. Bati la chuma naliweka kwa muda tu kwenye dizeli, kujua kama valvu inavujisha: nguvu zikirudi na moshi mweusi ukapungua, nimepata jibu, na bati linatoka. Gesi za oksidi za naitrojeni zinazoachiwa njia ikizibwa huenda kwenye vifua vya watoto wanaosubiri matatu kando ya barabara.

Mwisho futa nambari, uendeshe gari kwa mwendo wa kutulia na kuachia mafuta mara kadhaa, kisha usome tena. Baadhi ya valvu za umeme hutaka zifundishwe kwa skana mahali pa kufungia. Usipofanya hivyo P0404 inaweza kuwaka siku hiyohiyo ingawa valvu ni safi.