Jinsi ya kukata vitambaa vya kwilti bila kuviharibu

Kwilti ni blanketi linaloshonwa kwa vipande vingi vya kitambaa. Kitambaa kikishakatwa hakiungiki bila kuacha alama, kwa hiyo makosa ya kukata yazuiwe mapema, wakati pateni (maelekezo yenye vipimo) bado iko mezani na kisu hakijashikwa.

Hatua ya 1: Jua vipimo ni vya nini. Soma pateni hadi mwisho ukitafuta jibu moja: je, vipimo ni vya kukata, au ni vya kipande kilichokwisha kushonwa? Hapa ndipo kitambaa kingi hupotea. Kwilti huachiwa robo inchi ya mshono, kama milimita 6, kila upande. Mraba unaotakiwa kubaki inchi 4 hukatwa inchi 4½. Ukiukata inchi 4 kamili, baada ya kushona utabaki 3½, na miraba mitatu mfululizo itakula inchi 1½ ya bloku nzima, yaani sehemu moja ya kwilti inayoundwa na vipande vidogo.

Pembetatu zina hesabu yake. Mraba utakaoukata kona kwa kona mara moja upate pembetatu 2, ongeza ⅞ ya inchi juu ya kipimo cha mwisho. Utakaoukata kona kwa kona mara mbili upate 4, ongeza 1¼. Andika vipimo vya kukata pekee kwenye karatasi yako, uitumie hiyo.

Hatua ya 2: Andaa kitambaa. Kama utafua, fua vitambaa vyote, kwa sababu pamba hunywea. Piga pasi, na penye pembetatu nyingi tia stachi kabla ya kukata: upande uliokatwa hanamu (mshazari) huvutika kirahisi mno.

Hatua ya 3: Pima upana unaotumika kweli. Ondoa kingo za kiwandani, zile zilizofumwa kwa kubana pande mbili za kitambaa, kisha pima. Pateni ikihesabu inchi 42 na wewe ukabaki na 40, miraba ya inchi 4½ itakuwa 8 kwa kila ukanda unaokatwa kufuata upana huo, si 9. Kwa miraba 72 hiyo ni kanda 9 badala ya 8. Bora ulijue hilo sasa.

Hatua ya 4: Nyoosha ukingo. Kunja kitambaa kingo zikutane na mkunjo ulale bila mawimbi, kisha laza rula ikate mkunjo kwa pembe mraba. Rula ikiinama kidogo tu, ukanda ukifunguliwa utapinda katikati. Mimi hunyoosha upya baada ya kila kanda tatu au nne. Na tumia rula ile ile mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 5: Anza na vipande vikubwa. Mipaka mirefu ya kuzungushia kwilti ikatwe kwanza, kufuata mtande (uzi wa urefu wa kitambaa), kwa kuwa uzi huo hauvutiki sana. Iache na ziada. Urefu kamili utaupata kwa kupima katikati ya kwilti iliyokwisha kuunganishwa.

Angalia pia vipande ambavyo pande zake hazilingani. Kitambaa kilichokunjwa hutoa kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto. Pateni ikitaka vyote vya upande mmoja, fungua mkunjo, kata uso wa kitambaa ukiwa juu. Maua au wanyama wanaotazama upande mmoja wanahitaji uangalifu huo huo.

Hatua ya 6: Shona bloku moja ya majaribio. Kata vipande vya bloku moja tu, shona, piga pasi, pima. Ikipungua, pima vipande vilivyobaki na upana wa mshono wako. Mara nyingi mshono ndio umezidi robo inchi, wala si kisu. Rekebisha, ndipo ukate vilivyosalia.