Kambi Naivasha, mlima Longonot: mpango wa watu sita, kulala mara mbili

Kosa kubwa la safari hii hufanyika kwenye ratiba. Watu hulala usiku mmoja tu, wakanuia kukunja mahema alfajiri na kuwahi mlima. Lakini kando ya Ziwa Naivasha hakuna kukunja hema gizani, kwa sababu ya viboko, na Longonot ukianzwa jua likiwa limepanda huwachosha hata wenye nguvu. Fikeni Ijumaa, pandeni Jumamosi, rudini Jumapili.

1. Nunueni na lipeni mapema

Kiingilio cha Longonot hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali ya Kenya wa malipo mtandaoni, si pesa taslimu. Maliza malipo usiku wa kuamkia safari, mtandao ukiwa mzuri. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya tangu Juni 2020, kwa hiyo kila mtu awe na chupa za kujazwa tena zinazotosha lita 3.

Kwa mlo mmoja wa jioni wa watu sita: unga wa ugali kilo moja na nusu, maji yake lita 3 hivi, samaki sita wa kiasi na mafungu manne ya sukuma. Bebeni meko ya gesi ya kilo 6, maana kuni zilizolowa zitawakesheza na njaa.

2. Chagueni mahali pa hema

Fikeni kabla ya saa tisa mchana. Upepo wa ziwani huvuma kwa nguvu alasiri, na kusimamisha hema wakati huo ni kupigana nalo.

Kaeni ndani ya waya wa umeme wa kambi. Hata hivyo, kagueni ardhi kwa macho yenu. Njia ya kiboko ina mifereji miwili sambamba na tuta dogo katikati, kwa kuwa miguu yake imeachana sana. Kiboko hutoka majini jioni, hula nyasi usiku kucha, kisha hurudi kwa njia ileile kabla ya mapambazuko. Mkiona alama hiyo, hamieni pengine. Hatari kuu ni kusimama kati ya kiboko na maji. Usiku, msishuke ufukweni hata kunawa sufuria, na anayekwenda chooni aende na mwenzake na tochi mbili.

Fagieni miiba ya migunga kabla ya kutandika turubai. Kisha kunjeni kingo za turubai ziingie chini ya hema; zikijitokeza nje hukusanya mvua na kuileta chini ya godoro. Udongo wa hapa ni mwepesi, vigingi hung'oka: vipigeni kwa mshazari, kichwa kikielekea mbali na hema, na juu ya kila kimoja wekeni jiwe.

Chakula kifungiwe garini. Tumbili hufungua zipu.

3. Pandeni Longonot

Muwe getini saa moja asubuhi. Kutoka getini hadi ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa la volkano, ni takriban kilomita 3, na kuuzunguka ni 7.2 zaidi. Pamoja na kushuka, ni kama 13. Njiani hakuna maji, na kivuli ni kidogo mno.

Mkifika ukingoni, tazameni saa. Ikiwa imepita saa nne na nusu, au mtu amekwisha kunywa nusu ya maji yake, msizunguke. Pumzikeni, mtazame msitu ulio chini ndani ya kreta, mshuke. Uamuzi huu ni vyema mkubaliane kambini, kwa sababu huko juu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema amechoka. Kilele, mita 2,776, kiko kwenye mzunguko huo, na mwinuko wake wa mwisho ni mkali.

Wengi huanguka wakati wa kushuka. Vumbi laini kama unga limelala juu ya mwamba mgumu, na kiatu kilicholika soli hakishiki. Pigeni hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea kidogo, na muachiane mita mbili tatu ili anayeteleza asimkumbe mwenzake.

4. Jumapili

Msikunje hema lenye umande. Ligeuzeni sakafu juu, lipigwe na jua kwa muda wa saa moja hivi. Likiingia mfukoni bichi, baada ya siku chache litakuwa na ukungu, na ule mpako wa kuzuia maji huanza kubanduka.