Umejifungua kwa operesheni na tumbo inauma? Hizi ndo zilinisaidia mbali na dawa

Wamama wenzangu, kwanza dawa ya maumivu umepewa hosi imeze kwa wakati, usijikaze, haya ni ya kuongezea tu. Mimi mtoto wa pili nilimpata kwa operesheni hapa Kisumu na kitu niligundua ni kwamba maumivu mingi inatoka kwa venye unaamka kitandani.

Usiinuke wima. Kunja magoti, geuka na upande mwili mzima, mabega na kiuno ziende pamoja, teremsha miguu kisha ujisukume na mkono huku ukitoa pumzi. Nesi wa usiku alinisimamia nikarudia mara 3, ya 4 nikaamka mwenyewe bila kulia.

Ukitaka kukohoa, kupiga chafya ama kucheka, kumbatia mto juu ya mshono. Huna mto? Leso ukunje mara kadhaa. Nikienda nyumbani na tuktuk kila tuta nilikuwa nimeshika huo mto na dere nimemwambia aende pole pole.

Sasa gesi, hii hakuna mtu alikuwa ameniambia!! Kuna saa inauma kushinda kidonda, ingine inapanda mpaka kwa bega (lakini kifua kikiuma ama ukishindwa kupumua ita nesi saa hiyo hiyo). Inatolewa na kutembea. Nesi akikubali, siku hiyo hiyo ama kesho yake fika mlangoni urudi, halafu uende ukiongeza. Tafuna chingamu, inaamsha matumbo. Kunywa maji, kula paipai na mboga juu choo ikiwa ngumu ukisukuma unasikia hadi kwa mshono, na ukikaa chooni weka miguu juu ya kastuli.

Kunyonyesha, mtoto asilale juu ya tumbo, mpitishe chini ya kwapa miguu yake ikiangalia nyuma, ama mlale wote na upande.

Mamangu alikuja na beseni ya maji moto anikande tumbo venye wao walikandwa. Nilimwambia, mama pole, hapo kwa mshono ngozi imekufa ganzi, nikiungua sitasikia na kidonda kinaweza funguka. Hakukasirika, akanikanda mgongo na mabega na hiyo usiku nililala. Kwa tumbo mimi nilitumia baridi, pakiti ya barafu ya dukani, unaifunga na kitambaa safi, dakika 15 unatoa, mshono ukae mkavu.

Wiki 6 usibebe kitu nzito kushinda mtoto, jerikeni za maji ziachie wengine hata kama wananuna.

Na maumivu ikizidi badala ya kupungua, ama uwe na homa, usaha, harufu mbaya, pedi inajaa damu ndani ya saa moja, mguu mmoja umefura na unauma, hiyo si ya mto wala barafu, rudi hosi hata kama ni usiku, usingoje kliniki.