Kulinganisha michanga ya Dar kwa kyubu za zege, hatua kwa hatua

Wiki iliyopita nilikuwa maabara na mdogo wangu mmoja wa mwaka wa nne. Mradi wake unalinganisha mchanga wa Mpiji, wa Mkuranga na wa Kisarawe. Kwa kila mchanga tunamimina zege kwenye kyubu (vipande vya mraba vya milimita 150), kisha tunazivunja kwa mashine kuona lipi lina nguvu. Swali lake nalipenda sana, kwa sababu hapa Dar mtu anajenga kwa mchanga wowote ambao lori limemwaga mlangoni. Nimeandika tulivyofanya, ili na wengine wasipoteze siku 28 za kusubiri zege likomae kama nilivyopoteza mimi.

Hatua ya 1: Nunua vyote kwa mkupuo

Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha michanga yote mitatu. Usichanganye saruji ya daraja la nguvu 32.5 na ya 42.5. Kokoto nazo ziwe za lori moja. Sisi tulitumia za Lugoba. Kinachobadilika kiwe mchanga peke yake.

Hatua ya 2: Pima tope

Koroga chumvi vijiko viwili vya chai katika lita moja ya maji. Kwenye silinda ya mililita 250 tia mililita 50 za maji hayo, ongeza mchanga hadi ufike 100, kisha maji tena hadi 150. Tikisa, uache saa 3. Tope la juu likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, liandike kabla hujaendelea.

Hatua ya 3: Unyevu wa mchanga

Hapa ndipo nilipoangukia. Nilipofanya mradi wangu ilikuwa masika. Michanga miwili ilikuwa bandani, wa tatu umebaki nje, unanyeshewa. Nikapima yote kwa uzito uleule, nikatia maji yaleyale. Baada ya siku 28 ule wa nje ukatoa zege dhaifu kabisa, nami nikaandika kwamba mchanga huo haufai. Mchanga haukuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimeutilia maji mara mbili: yangu na ya mvua.

Hesabu yenyewe ni hii. Mchanganyiko wa 1:2:4 kwa uzito unaotosha kyubu 6 za mchanga mmoja na akiba kidogo ni saruji kilo 8, mchanga 16, kokoto 32 na maji 4, yaani uwiano wa maji na saruji wa 0.5. Tuseme mchanga una unyevu wa asilimia 6, na asilimia 1 ndiyo inayonywewa na chembe zenyewe. Ukipima kilo 16 za mchanga huo bila kujali, umeingiza karibu kilo 0.75 za maji ya ziada. Kwenye daftari umeandika 0.5, ndani ya zege ni 0.59. Tofauti hiyo inatosha kufunika tofauti yote ya michanga unayoitafuta. Sahihi ni kupima kilo 16.8 za mchanga mbichi na kutia maji kilo 3.2 tu.

Unyevu upime asubuhi ileile ya kukoroga, siyo jana yake. Vitabu vinasema oveni, nyuzi 105, saa 24. Mimi nashikilia kikaango na jiko la gesi: umeme ukikatika usiku oveni inapoa, na hata usipokatika jibu unalopata ni la mchanga wa jana. Chota nusu kilo kutoka katikati ya lundo, maana juu jua limeshakausha na chini maji yamejikusanya. Kaanga kwa moto mdogo huku unageuza. Ukidhani umekauka, shikilia kipande cha kioo juu yake; kikipata ukungu, endelea. Gramu 500 zikibaki 472, gawanya 28 kwa 472, siyo kwa 500. Unapata karibu asilimia 6. Mdogo wangu aligawanya kwa 500, na hata wahandisi wa miaka mingi nimewaona wakifanya hivyo.

Mchanga uliopimwa ufunike kwa turubai hadi uukoroge. Kukinyesha, au ukienda kula ukarudi alasiri, kaanga upya. Kokoto nazo zipime, ingawa unyevu wake huwa mdogo.

Hatua ya 4: Koroga, pima slampu, jaza

Jaza moldi kwa matabaka matatu, kila moja pigo 35 za chuma cha kushindilia. Slampu, yaani kiasi ambacho zege bichi linashuka ukiinua koni yake, ikitofautiana, iandike. Usiongeze maji ili zege lilainike, hata fundi maabara akikushauri.

Hatua ya 5: Loweka

Kesho yake zitoe kwenye moldi, andika namba, zitumbukize kwenye tangi lililo kivulini.

Hatua ya 6: Vunja

Kyubu tatu siku ya 7, tatu siku ya 28. Kwanza ipime uzito: kyubu ya milimita 150 iwe karibu kilo 8.1. Ikiwa 7.6, ina matundu ya hewa ndani, na jibu lake halihusu mchanga. Ilaze kwa ubavu, ule uso uliosawazishwa kwa mwiko usiguse sahani za mashine. Mzigo uongezeke kwa takriban kilonewtoni 13.5 kila sekunde. Mzigo uliovunja kyubu, kwa newtoni, gawanya kwa 22,500, yaani eneo la uso wake kwa milimita za mraba: kilonewtoni 540 ni 24 N/mm².

Kwenye jedwali la ripoti, kando ya nguvu ya kila mchanga, weka safu ya unyevu na saa uliyoupima.