Ganzi ya kwapani kwa mgonjwa wa fistula ya dialisisi: hatua ninazofuata, na ile neva inayotoroka

Wiki iliyopita kijana mmoja niliyemfundisha kazi ya usingizi alinipigia simu akiwa thieta. "Shikamoo kaka. Nina mgonjwa wa fistula, mkono umekufa wote, lakini kisu kikigusa tu anaruka." Nikamuuliza swali moja: "Anakunja kiwiko?" Kimya kidogo. "Anakunja, kaka." Nilijua kosa liko wapi kwa sababu na mimi nilishalifanya. Nimeyaandika haya kwa ajili yake na kwa wenzetu wengine wa usingizi wanaoanza kupokea wagonjwa hawa. Fistula hapa ni vena ya mkono iliyoungwa na ateri ili mgonjwa wa figo asafishwe damu kwa mashine.

Hatua ya 1: Chagua njia

Njia ni tatu: ganzi ya kuchoma pale pale panapopasuliwa, bloku ya mkono mzima (ganzi inayozungushiwa neva za mkono), na nusu kaputi.

Mimi ni mtu wa bloku. Bloku inazima pia neva zinazobana mishipa ya damu, kwa hiyo vena na ateri zinatanuka na damu inapita vizuri kwenye maungio mapya. Madaktari wa Glasgow walilinganisha bloku na ganzi ya pale pale kwa wagonjwa 126, wakachapisha matokeo kwenye The Lancet mwaka 2016: baada ya miezi 3, fistula zilizokuwa bado wazi zilikuwa asilimia 84 kwa waliopewa bloku na asilimia 62 kwa wenzao. Ganzi ya pale pale inafaa kama huna altrasaundi na mpasuaji ana mkono mwepesi, lakini haitanui vena.

Nusu kaputi kwangu ni mlango wa mwisho. Mgonjwa wa figo tumbo lake huchelewa kumwaga chakula, presha yake hupanda na kushuka kama bei ya nyanya, na suksamethonio, dawa ya kulegeza misuli, huongeza potasiamu kwa 0.5 hadi 1 mmol/L. Ukilazimika, legeza misuli kwa atrakuriamu, maana haingoji figo kutoka mwilini. Kwa maumivu, fentanili sawa. Pethidini na mofini ziache kabatini, mabaki yake hujilimbikiza.

Kuna bloku ya juu ya mfupa wa mtulinga na ya kwapani. Ya juu ya mtulinga inashika haraka, lakini inaweza kulegeza nusu ya kiwambo cha kupumulia au kutoboa pafu, na wagonjwa wetu wengi tayari wana maji kifuani. Tena mara nyingi shingoni kuna mpira wa dialisisi. Kwapani hakuna pafu la kutoboa. Kwa fistula ya kifundo cha mkono au ya kiwiko, naenda kwapani.

Hatua ya 2: Kabla ya siku yenyewe

Asafishwe damu jana yake, siyo asubuhi ile ile, ili heparini ya kwenye mashine (dawa ya kuzuia damu kuganda) iwe imeisha na maji yamepungua. Potasiamu ipimwe baada ya hapo. Ikizidi 5.5 naahirisha, upasuaji huu haukimbii.

Mweleze mgonjwa vizuri, hasa akina mama. Kwetu neno fistula limezoeleka kwa majeraha ya uzazi. Mama mmoja alikataa kusaini fomu kabisa: "Mwanangu, mimi mkojo haunivuji, nani kakwambia nina fistula?" Sasa nasema "njia ya damu ya mkononi" kwanza, jina la kitaalamu baadaye.

Hatua ya 3: Kanula

Nyuma ya kiganja cha mkono mwingine. Presha nayo mkono huo mwingine. Maji kidogo tu.

Hatua ya 4: Dawa

Kwa mgonjwa wa kilo 55 navuta dawa ya ganzi, bupivakeini ya asilimia 0.5 mililita 15, naongeza maji ya chumvi mililita 5. Napata mililita 20 zenye miligramu 75. Kikomo ninachotumia ni miligramu 2 kwa kilo, yaani 110 kwa huyu, lakini sikisogelei: damu yenye asidi ya wagonjwa hawa huleta degedege mapema. Miligramu zinazobaki ni akiba yangu endapo itabidi kuongeza. Hakikisha lipidi ya asilimia 20 (mafuta ya kuchoma mshipani, tiba ya sumu ya dawa ya ganzi) iko chumbani, siyo "iko famasi". Dozi ya kwanza ikitokea sumu ni mililita 1.5 kwa kilo.

Hatua ya 5: Sindano yenyewe

Mkono uinuliwe, kwapa lisafishwe. Probu (kichwa cha altrasaundi) iwe ile bapa ya mishipa. Ile ya mviringo ya wodi ya wazazi haitakuonyesha kitu.

Tafuta ateri. Neva tatu zinaizunguka: mediani juu upande wa nje, alna upande wa ndani, radiali chini nyuma. Weka mililita 5 kwa kila moja. Kwapani kuna vena kadhaa, na ukibonyeza probu zinajifunga usizione. Kwa hiyo bonyeza, angalia, legeza, angalia tena. Vuta bomba kabla ya kila kusukuma. Ukisukuma na huoni dawa ikisambaa kwenye skrini, simama hapo hapo, huenda uko ndani ya vena.

Wengi huishia hapa, na hapa ndipo nilipoharibu. Neva ya nne, muskulokutaneo, haikai na wenzake. Imeshatoroka kifungu, ipo kwenye nyama kati ya misuli ya bisepsi na korakobrakialisi. Ndiyo inayokunja kiwiko, na ndiyo inayopeleka hisia kwenye ngozi ya mkono upande wa dole gumba, kule kule kisu kinakopita kwa fistula ya kifundo. Unaweza kuua vidole vyote vitano na bado mgonjwa akasikia kila kitu.

Siku yangu mimi, mzee wa watu aliruka, tukachoma ganzi juu ya ganzi pale jerahani, vena ikajikunyata kama uzi, presha ikafika 210. Saa tatu nzima, na mwisho mtetemo wa damu kupita kwenye fistula haukusikika. Alirudi kwenye mpira wa shingoni.

Kwa hiyo siku hizi naanza na huyu mtoro kabla ya wale watatu. Telezesha probu taratibu kuelekea kiwiko: utaona kijidoa cheupe kinachobadilika umbo, mara yai, mara bapa, mara pembetatu, kikiiacha ateri. Hicho ndicho. Mililita 5.

Usipokiona, usikisie. Kwa baadhi ya watu kimeungana na mediani, basi izungushe mediani vizuri, kisha ufuatilie. Ukigundua umekikosa na mgonjwa ameshafunikwa, unaweza kuokoa pale kiwikoni, nje ya kano ya bisepsi, ambako tawi lake liko karibu na ngozi. Ila pale pale inapita vena ya kifaliki, ambayo ndiyo mtaji wa mpasuaji. Nenda kwa altrasaundi, usichome kwa kubahatisha. Ndivyo tulivyomalizana na kijana wangu kwenye simu: mililita 4 kiwikoni, dakika kumi na tano, kisu kikaendelea.

Mpasuaji akisema anapanda kuchimba vena ya ndani ya mkono wa juu, ngozi ya pale haimo kwenye bloku hii. Ongeza mstari wa ganzi chini ya ngozi karibu na kwapa, na hesabu dozi upya.

Hatua ya 6: Subiri

Dakika 30. Mpasuaji atasimama mlangoni na kuguna, mwache agune. Pima kwa pamba yenye spiriti upande wa dole gumba, halafu mwambie mgonjwa akunje kiwiko. Akikunja, rudi hatua ya 5. Muda huo huo mwombe mpasuaji aangalie vena tena kwa altrasaundi. Zikishatanuka, mara nyingine aliyepanga kukata kiwikoni anaona kifundoni panatosha.

Hatua ya 7: Wakati na baada

Usiache presha ishuke, damu ikienda polepole fistula inaganda. Mkono uwekwe kwenye kombeo na ndugu waambiwe utakuwa umekufa kwa saa nyingi: usiegemezwe kwenye chupa ya maji moto. Maumivu, parasetamoli. Kabla ya kutoka thieta weka kidole juu ya kidonda usikie mtetemo, kisha mwonyeshe mgonjwa ausikilize na yeye, maana kuanzia siku hiyo ataupima kila asubuhi.